Maneno Yamezama kwenye Biti

Nyimbo zinazotengenezwa kambini kwetu siku hizi hazina upungufu wa biti. Vijana wanajua kupanga ngoma, wanajua kutafuta melodi, na wengine wanaandika mashairi ambayo hata ukiyasoma kwenye daftari bila muziki yanakushika. Shida iko mwisho wa kazi, kwenye miksi na masta. Maneno yanazama. Unasikia kuna mtu anaimba, unasikia kwamba ana uchungu au ana furaha, lakini anasema nini? Hujui mpaka umuulize mwenyewe.

Hili si jambo la mafundi peke yao. Hapa Nyarugusu wimbo una kazi nyingi. Unamwaga anayeondoka kwenda nchi ya tatu. Unamkumbuka aliyebaki Fizi au Uvira. Unatangaza chanjo, unatangaza mechi, unaomba msamaha kwa mpenzi. Unatumwa kwa WhatsApp kwa ndugu aliye Nakivale, Kakuma, Dzaleka au Marekani. Kama maneno hayafiki, basi mzigo haukufika, limefika gunia tu.

Kwa hiyo hapa nakosoa. Nakaa na vijana hawa kila wiki na kazi zao nazisikiliza zaidi ya mara moja. Majina siweki, kwa sababu tunaishi pamoja na kuchota maji bomba moja, na pia kasoro nitakazozitaja si za mtu mmoja.

Kwa ambaye hajawahi kukaa mbele ya kompyuta yenye FL Studio, maelezo kidogo. Wimbo wa nyumbani unajengwa kwa vipande: ngoma peke yake, besi peke yake, kinanda peke yake, sauti ya mwimbaji peke yake. Kumiksi ni kuamua kila kipande kisikike kwa kiasi gani na kikae wapi: mbele au nyuma, kushoto au kulia. Kumasta ni hatua ya mwisho, pale wimbo uliokwisha kuunganishwa unapowekwa sawa ili upigike vizuri huko unakokwenda. Anayemiksi anagawa nafasi, na kwa kugawa nafasi anaamua nani asikike.

Chukua wimbo mmoja wa polepole uliozunguka sana kwenye simu zetu. Kijana anataja vijiji, kimoja baada ya kingine, kutoka ziwani kwenda milimani, na baada ya kila jina anasema nani alikuwa anakaa pale. Kwa maandishi ni wimbo mkubwa. Lakini chini ya sauti yake kuna kinanda kizito kilichoshikilia tangu mwanzo mpaka mwisho, juu ya kinanda kuna violini za kompyuta, na sauti yenyewe imepakwa mwangwi mpaka unadhani mtu anaimba ndani ya tangi la maji. Majina ya vijiji, ambayo ndiyo wimbo wenyewe, hayashikiki. Mama mmoja jirani yetu aliusikiliza mara tatu akitafuta kijiji cha kwao. Alipoambiwa kimetajwa kwenye ubeti wa pili, akasema, “Basi mimi kimenipita kama upepo.”

Sababu yake inajulikana. Sauti hupimwa kwa hezi, yaani mitetemo kwa sekunde. Namba ndogo ni sauti nene, namba kubwa ni sauti nyembamba. Kinanda, gitaa, violini na sauti ya mtu vyote vina unene wao kati ya hezi 200 na 500 hivi. Vikijazana pale vinakuwa tope. Konsonanti, zile herufi zinazotenganisha neno moja na jingine, nguvu yake iko juu zaidi, kuanzia hezi 2,000 kwenda mbele, na kwa asili ni dhaifu. Tope likijaa chini, violini zikiziba juu, konsonanti zinakosa njia ya kupita. Prodyuza akiona sauti haisikiki, anaipandisha. Kinanda sasa kinaonekana kimepotea, nacho anakipandisha. Ni kama foleni ya mgao, mmoja akisimama kwa ncha za vidole ili aone mbele, wote nyuma yake wanasimama kwa ncha za vidole, na hakuna aliyeona zaidi.

Dawa ya tope ni kupunguza. Kinanda kikatwe kwa ikwalaiza palepale ambapo sauti ya mtu inataka kupita, hata desibeli 3 au 4 tu. Sauti ya mtu nayo ikatwe kila kitu kilicho chini ya hezi 80 au 100, maana huko hamna neno, kuna mtikisiko wa meza na upepo wa pumzi. Mwangwi ucheleweshwe kidogo, milisekunde 30 au 40, ili neno litoke kwanza na mwangwi ufuate nyuma. Na kwenye jina la kijiji, kinanda kinyamaze kabisa. Ndiyo, kinyamaze! Ukimya wa sekunde moja hauna gharama na hauhitaji programu mpya.

Huu ufundi wa kutoa una babu zake. Kule Kingston, Jamaika, miaka ya 1970, King Tubby alikuwa fundi wa redio na vifaa vya umeme, na studio yake ilikuwa ndani ya nyumba yake kwenye mtaa wa Waterhouse. Alichukua nyimbo zilizokwisha kurekodiwa akaanza kuondoa: anaondoa gitaa, anaondoa sauti, anabakiza ngoma na besi, halafu neno moja linarudi ghafla na unalisikia kuliko mwanzo. Muziki unaoitwa dabu ulikua kwa njia hiyo, kwa mtu anayeijua meza yake ya kumiksi na haogopi kunyamazisha kitu.

Wimbo wa pili ni wa kucheza, umefuata amapiano ya Afrika Kusini, na besi yake ni ile ya kugonga inayoitwa logi dramu. Kwenye hedifoni kubwa za prodyuza mwenyewe ni moto. Kwenye simu ya mtu wa kawaida, ngoma imekimbia. Kimebaki kisahani kinachochakacha na mwimbaji anayezama na kuibuka, anazama na kuibuka. Kwa nini?

Nguvu kubwa ya besi ile iko chini ya hezi 100. Spika ya simu ni ndogo kama ukucha, na chini ya hezi 300 hivi inatoa kidogo sana. Kwa hiyo msikilizaji wa simu haisikii besi. Lakini limita, kile kifaa cha mwisho kinachozuia sauti isivuke kiwango, inaisikia vizuri sana. Kila besi ikigonga, limita inakandamiza wimbo mzima, mwimbaji akiwemo. Yaani mwimbaji anashushwa na kitu ambacho msikilizaji hata hajui kama kipo.

Hapa maprodyuza wetu wengi wanaongeza besi zaidi, na simu inazidi kushindwa. Kinachosaidia ni kuichafua besi kidogo, kuipa ukwaruzo. Besi ya hezi 80 ikikwaruzwa inazaa sauti nyingine juu yake: 160, 240, 320 na kuendelea. Simu inazitoa hizo za juu, na akili ya msikilizaji inajaza ile 80 yenyewe. Sikio la binadamu limeumbwa hivyo, linakamilisha kilichokosekana.

Kuna mtego mwingine kwenye wimbo huohuo. Prodyuza ametanua kinanda kwa kile kifaa cha kutanua stirio, mpaka kwenye hedifoni unahisi kinanda kiko nje ya kichwa. Vizuri. Lakini zile spika ndogo za Bluetooth zinazochajiwa kwa sola, nyingi zina mdomo mmoja tu ndani. Kushoto na kulia vinamwagwa pamoja. Ikiwa kifaa kilitanua kwa kugeuza upande mmoja kinyume cha mwingine, vikikutana vinafutana, na kinanda kinatoweka. Kwenye FL Studio unaweza kuusikiliza wimbo kwa mono. Kujaribu ni kazi ndogo, na utajua hapohapo.

Halafu kuna hii tabia ya kusukuma masta mpaka ukutani. Nimewauliza vijana, wanajibu, “Wimbo usipokuwa na kelele, watu wataona ni wa kitoto.” Naelewa. Sikio likipewa nyimbo mbili, ile yenye sauti kubwa kidogo huonekana nzuri zaidi, hata kama ni wimbo uleule. Ndiyo maana ukilinganisha miksi yako na wimbo wa msanii mkubwa, kwanza shusha ule wa msanii mpaka vilingane, la sivyo unalinganisha kelele na kelele. Na hiyo mbio ya kelele huko mtandaoni imeshapungua faida. Spotify kwa kawaida husawazisha nyimbo kwenye kiwango cha −14 kwa kipimo cha LUFS, na YouTube nayo hushusha zilizozidi. Wimbo uliobanwa mpaka ukawa bapa kama chapati unashushwa sawa na wengine, ila ubapa wake unabaki.

Kusikiliza kwa sauti kubwa wakati wa kumiksi pia kunadanganya. Mwaka 1933 watafiti wawili wa Marekani, Fletcher na Munson, walichapisha vipimo vinavyoonyesha kwamba sauti ikiwa ndogo sikio halisikii besi vizuri kama sauti za kati. Miksi iliyopendeza kwa kelele usiku inaamka asubuhi ikiwa nyembamba. Miksi kwa sauti ya mazungumzo. Majirani watakushukuru, na betri ya sola itadumu.

Sasa swali langu kubwa kwa ndugu zangu maprodyuza ni hili: mnamasta kwa ajili ya nani?

Masta haikuanza kama pambo la kung’arisha wimbo. Ilianza kama kazi ya kupeleka muziki kwenye kifaa cha msikilizaji. Zamani za santuri, fundi wa masta alikuwa anachonga mfereji kwenye sahani. Besi ikizidi, au ikitanuliwa vibaya kushoto na kulia, sindano ya mnunuzi inaruka kutoka kwenye mfereji. Kwa hiyo fundi alianza kwa kujua sindano ya mnunuzi inaweza nini. Baadaye mastudio makubwa yalijaza spika za Yamaha NS-10, zilizotoka mwaka 1978 kwa matumizi ya nyumbani. Wengi walisema hazina utamu. Lakini mafundi walizikalia kwa sababu zinaumbua kasoro, hasa za sauti za kati, pale maneno yanapokaa.

Msikilizaji wetu hana NS-10. Ana simu yenye kioo kilichopasuka, au spika moja ya sola iliyotundikwa kwenye mlango wa kinyozi, na nje kuna watoto, pikipiki, na mvua juu ya bati. Huyo ndiye sindano yetu. Nyimbo zetu nyingi zinamastiwa kwa ajili ya klabu ya Johannesburg au Dar es Salaam ambayo hakuna mmoja wetu aliyewahi kuingia, na anayezisikiliza kila siku hapa hapa anabaki na chakacha.

Najua wapo watakaosema nataka muziki wa kambi ubaki wa kambi, usifike mbali. Sivyo. Angalieni waliofika mbali. Konono No. 1 wa Kinshasa, kundi lililoanzishwa na mzee Mingiedi Mawangu miaka ya 1960, walipiga likembe kwa maikrofoni walizojitengenezea kwa sumaku za vyuma chakavu vya magari, na sauti ikatoka kwenye spika za tarumbeta. Ilikuwa inakwaruza. Walihitaji ikwaruze, kwa sababu ilibidi ishinde kelele za jiji. Albamu yao ya Congotronics ilipotoka mwaka 2004, ule ukwaruzo haukusafishwa ukatupwa. Uliachwa, ukapangwa vizuri ili kila likembe isikike mahali pake. Mwaka 2007 Björk wa Iceland akawaita kwenye wimbo wake. Hakuwaita kwa sababu walifanana na Ulaya.

Na hapa Tanzania tunayo singeli. Imekua kwenye ngoma za mtaani za vigodoro za Dar es Salaam, na Sisso, kwenye studio yake ya Mburahati, aliitengeneza na wenzake kwa kompyuta za kawaida. Mkusanyiko wa Sounds of Sisso ulitolewa mwaka 2017 na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Singeli inakimbia kati ya biti 200 na 300 kwa dakika. Piga hesabu: kwa biti 240, kila biti ina robo sekunde tu. Mwangwi wa sekunde mbili ungefunika biti nane! Kwa mwendo huo huwezi kupaka mwangwi mrefu kila mahali, na besi haiwezi kujivuta. Sauti lazima ziwe fupi na kavu, na kila moja ipite kwa haraka impishe mwenzake. Mwendo wenyewe umewafundisha miksi. Sisemi nasi tuimbe singeli. Nasema wale jamaa miksi yao imetoka kwenye muziki wao na mtaa wao, na ndiyo maana ikasafiri.

Wimbo wa tatu unawahusu zaidi ndugu zetu wafanyakazi wa mashirika wanaosoma jarida hili. Ni wimbo wa kuhamasisha, wa kunawa mikono na kuchemsha maji ili kujikinga na kipindupindu. Vijana waliitwa Jumatatu, wakarekodi Jumanne, na Jumatano ulipigwa kwenye gari la matangazo. Kulikuwa na fulana, kulikuwa na bango, kulikuwa na picha za pamoja. Siku ya kumiksi haikuwepo kwenye mpango. Kwenye spika za tarumbeta za lile gari, ambazo kama simu hazina besi, kiitikio kilisikika vizuri. Lakini maelekezo yenyewe, dalili ni zipi, mgonjwa apelekwe wapi, anyweshwe nini wakati anasubiri, yalikuwa kwenye ubeti wenye sauti tatu zilizorundikwa na biti kamili chini yake. Watoto waliimba kiitikio wiki nzima. Maelekezo sijamsikia mtu akiyarudia.

Ningependa wanaopanga bajeti wafikirie hapo. Vijana hawakushindwa, walinyimwa siku mbili. Wimbo wa ujumbe ambao ujumbe wake hausikiki umegharimu sawa na unaosikika. Wekeni siku ya kumiksi, na wekeni siku ya kuujaribu kwenye spika ileile itakayotumika, barabarani, kabla ya kuuzindua.

Kuna wimbo wa nne, na huu nausifu kutoka moyoni. Msichana mmoja amerapu juu ya kusubiri majibu ya usaili. Wimbo una vitu vitatu tu: ngoma, besi yenye ukwaruzo, na yeye. Chumba walichorekodia kina kuta za matofali ya udongo na paa la bati, na bati linarudisha sauti kama kioo kinavyorudisha mwanga. Wakatundika yale mablanketi ya kijivu tunayoyajua sote, mawili nyuma yake na moja juu, godoro likawekwa mlangoni, na wakasubiri mvua ikatike. Kwa hiyo sauti iliingia kwenye kompyuta ikiwa kavu na safi, na mwenye kumiksi hakuwa na kazi ya kuokoa maiti. Alirekodi kwa kiwango cha chini kidogo ili pasipasuke kitu, akaacha nafasi ya desibeli 6 kabla ya masta, na mwisho akaacha desibeli 1 ili wimbo usipasuke ukigeuzwa kuwa MP3. Kwenye simu yangu, sokoni, mchana, nilisikia kila neno. Kasoro ipo: herufi “s” zinachoma, na sehemu ya mwisho inarudia mara mbili zaidi ya inavyohitaji. Lakini huyu dada amefika.

Nimetaja kasoro hata kwenye wimbo ninaoupenda, na nimefanya hivyo makusudi. Hapa kambini kila anayepanda jukwaani anapigiwa makofi. Mgeni anakuja, anasikiliza dakika mbili, anasema “kazi nzuri sana”, anapiga picha. Sisi wenyewe tunaambiana, “Kwa hali yetu hii, mmejitahidi.” Hayo makofi yana upendo ndani yake, sikatai. Lakini mengi ni makofi ya huruma, na mtu akikuhurumia anaangalia hali yako, wimbo wako hausikilizi. Kijana aliyetaja vijiji vya kwao hakuhitaji kuambiwa amejitahidi. Alihitaji mtu mmoja amwambie, “Ndugu, ubeti wa pili sijausikia, urudie.”

Habari njema ni kwamba faili la wimbo ule bado lipo, vipande vyote viko salama kwenye kompyuta. Miksi inaweza kurudiwa. Na kwa yeyote anayetaka kutoa wimbo mwezi huu, ninapendekeza jaribio moja kabla ya kuuweka WhatsApp. Tafuta mtu mzima ambaye hajayaona maneno, mzee au mama yeyote mtaani. Mpigie wimbo mara moja, kwenye simu ndogo, nje, si chumbani. Usimuulize kama ni mzuri, atakuambia ni mzuri kwa heshima. Muulize ameimbwa nani na ameambiwa nini. Akiweza kukujibu, toa wimbo. Akishindwa, rudi kwenye kompyuta ukashushe kinanda.